Tunaondolewa kwenye shamba la mboga tulilokodi miaka tisa. Tumepewa siku 60. Ushauri wa eneo jipya, wakuu

#1 KatibuWaMatuta (mleta mada)

Habari za jioni wakuu.

Naandika kwa niaba ya kikundi chetu. Kikao cha jana kimeisha wengine wakilia, wengine wamenuniana, na mimi katibu nikaambiwa, "wewe una simu kubwa, katafute ushauri." Basi nimekuja kuutafuta.

Tupo Dar, upande wa Kinondoni. Watu 23, wanawake 16. Tunalima mboga za majani kwenye kiwanja cha robo tatu ekari tulichokodi kwa mzee mmoja, mwaka wa tisa huu. Tulipokipata kilikuwa jalala la mtaa. Mifuko, chupa, matairi, na siku ya tatu tukafukua injini nzima ya Vespa. Kutoa taka kwa mkokoteni kulichukua wiki tano. Chini yake kichanga kitupu, ukimwaga maji yanapotea kama umemwaga kwenye chekeche. Tukaanza kuulisha ule mchanga: samadi ya mabanda ya kuku, samadi ya ng'ombe kutoka Goba tukibahatika, majivu, maganda ya ndizi na viazi ya mama lishe. Leo ukipiga jembe tuta lolote unainua nyungunyungu. Matuta yapo 160, kila mtu na yake, mwenye machache ana manne. Mchicha, chainizi, matembele, mnafu, figiri, bamia pembeni. Kisima tulichimba kwa mikono, pete kumi na moja, na maji yake hayana chumvi hata chembe.

Mkataba ni karatasi moja. Mzee aliandika kwa mkono wake, mjumbe akashuhudia: anatukodisha kiwanja tulime mboga, laki sita kwa mwaka, "mpaka nitakapokihitaji". Hayo tu. Mzee hakukihitaji mpaka Mungu alipomchukua mwaka juzi. Watoto wake wakaendelea kupokea kodi. Mwezi uliopita wakaja watu na gari, wakapima kwa futi bila salamu, wiki iliyofuata barua: kiwanja kimeuzwa, siku 60.

Tumepata fununu za sehemu tatu. A: chini ya njia ya umeme mkubwa, hakuna kodi, mwenyekiti wa mtaa anasema "limeni tu". B: shule ya msingi yenye ekari moja ya nyasi nyuma ya madarasa, kama kilomita tatu kutoka tulipo. C: tuchange tununue shamba Mkuranga, mkoa wa Pwani, nauli juu yetu.

Naomba mawazo, hasa kwa waliowahi kuhamishwa. Na swali langu mwenyewe, ambalo kikao hakikulitaka: udongo wetu unahamishika?

#2 Kipepeo77

Pole sana mkuu. Naweka kambi hapa.

#3 Kauzibe

Robo tatu ekari, Kinondoni, laki sita kwa mwaka. KWA MWAKA. Wenzenu wanalipa hiyo kwa chumba na sebule. Mlikuwa mnapewa zawadi miaka tisa, mshukuruni marehemu mfungashe.

#4 KatibuWaMatuta

Kauzibe, kwenye kushukuru hatuna ubishi. Arobaini ya mzee tulipeleka mboga magunia mawili na tulichota maji sisi. Hakuna anayesema kiwanja ni chetu. Tunachouliza ni tunakwenda wapi na tunakwendaje.

#5 WakiliWaUswazi

Mleta mada, usikimbilie kuhama wala kushtaki. Kwanza soma barua mliyopewa. Nani kasaini?

Kiwanja cha marehemu hakiuzwi na "watoto wa marehemu". Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Ombeni kwa adabu kuona barua ya uteuzi wake. Kama hayupo, huyo mnunuzi mwenye gari ana tatizo kubwa kuliko lenu, na akilijua atakuwa mpole.

Pili, mkataba wenu. Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua upangaji wa muda mfupi, mwaka mmoja au pungufu, hata ukiwa wa mdomo. Kwa hiyo nyinyi si wavamizi, ni wapangaji mnaolipa, na risiti au hata ujumbe wa muamala wa simu ni ushahidi. Lakini nisikudanganye: "mpaka nitakapokihitaji" ni kamba ambayo ncha zake zote alishika mzee. Hamtashinda kubaki pale. Mnachoweza kushinda ni muda, na mboga zilizoko ardhini.

Kama hawataki kuzungumza, anzeni Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya 2021 baraza hilo halihukumu tena masuala ya ardhi, linasuluhisha tu, na lina siku 30. Likishindwa ndipo mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mimi ningetumia usuluhishi huo kuomba miezi minne. Mnunuzi wa Dar mara nyingi hata ramani ya ujenzi hajaanza kuchora.

#6 MamaMatutaMawili

Mimi silimi, mimi nanunua. Nina genge, na kila siku jioni naenda kwenye bustani kama hiyo ya kwenu nanunua matuta mawili, nakata mwenyewe, nalaza kwenye maji, alfajiri niko barabarani.

Mleta mada nakuuliza swali moja: hiyo Mkuranga nani atakuja kununua? Mchicha si mahindi. Ukikatwa leo saa kumi, kesho saa nne umelala kama mlevi. Mteja wa mchicha anatembea kwa miguu. Sisi wachuuzi ndio tunaobeba hasara ya kunyauka, ndiyo maana tunanunua tuta likiwa bado ardhini. Mkienda Mkuranga mtauza kwa dalali wa soko la Mabibo kwa bei yake, na nauli ya kwenda na kurudi italiwa na huo huo mchicha.

C futeni.

#7 Kauzibe

Lakini Mkuranga ni ardhi YENU. Hapa mnachagua kati ya kufukuzwa na shule na kufukuzwa na umeme.

#8 Chini_ya_Nyaya

Niongelee A kwa sababu nimeishi hiyo A miaka sita.

Chini ya nyaya kubwa kunalimika. Mimea mifupi haina shida, na huwa hakuna anayekusumbua mpaka siku wanayokusumbua. Hujengi kibanda, hupandi mwembe wala mpapai, hunyanyui bomba refu la chuma ovyo (hili si utani, kuna mtu tulimzika). Tanki la maji juu ya mnara, sahau. Na eneo lile lina mwenyewe: limeachwa wazi kwa ajili ya ile njia. Mwenyekiti wa mtaa akisema "limeni tu" anagawa kitu kisicho chake, hata kama moyo wake ni mzuri.

Sisi tulitolewa asubuhi moja, greda likaja kusafisha njia. Mchicha wa wiki tatu, umebakiza siku tano kuvunwa. Fidia tuliidai kwa nani? Hatukuwa na karatasi hata ya ukubwa wa tiketi ya daladala.

Kama mnakwenda A, nendeni kama mtu anayelala stendi. Begi chini ya kichwa.

#9 BwanaShambaMstaafu

Mleta mada kauliza kuhusu udongo na hakuna aliyemjibu. Nitamjibu mimi, na nitamvunja moyo kidogo.

Tuta lako nalikadiria upana mita moja, urefu mita kumi. Ukitoa ule weusi wa juu tu, sentimita 15, ni mita ya ujazo moja na nusu. Mara matuta 160 unapata mita za ujazo 240. Lori dogo la kubeba mita tano litakwenda safari 48. Hata akikuhurumia kwa elfu sitini kwa safari, unakaribia milioni tatu, bila vibarua. Na uzito wake unapita tani 300. Huu si udongo wa maua ya ofisini, ndugu yangu.

La pili ni baya zaidi. Miaka tisa ya mboga mahali pamoja mara nyingi huacha minyoo fundo, vijinyoo vya udongoni vinavyoshambulia mizizi. Ng'oa mche wa bamia uliozeeka, osha mizizi, tazama. Ukiona vinundu kama shanga, udongo wako una wageni, na ukiuhamisha umewahamisha nao kwenda kwenye nyasi ambazo labda hazijawahi kuwaona. Jembe lenyewe lioshwe kabla halijavuka barabara.

Kinachohamishika ni mboji na samadi mliyorundika, iliyoiva vizuri. Mbegu za mchicha mlizokuwa mkijitunzia wenyewe, kwa sababu hizo zimeshazoea hali ya hapo pwani. Vipandikizi vya matembele. Keni, mapipa, pampu kama ipo. Na namna yenu ya kuulisha mchanga. Mlitengeneza udongo kutoka kwenye jalala. Mkifika kwenye nyasi za shule mnaanza mbele ya pale mlipoanzia mwanzo.

Msimu wa kwanza eneo jipya msipande chainizi, itawaaibisha. Pandeni kunde (mtakula majani, mizizi itafanya kazi yake) na matembele, hayo hayachagui. Samadi ya kuku iachwe iive, mbichi inaunguza.

Na kabla ya kusaini popote, ONJENI MAJI. Dar hii unaweza kuchimba kisima chenye maji matamu na jirani yako mita mia mbili akapata ya chumvi. Kama hamna pesa ya maabara, chukueni maji ya kisima cha karibu, mwagilieni maharage kwenye kopo moja na kopo la pili maji ya mvua. Maharage hayana subira na chumvi. Baada ya wiki mbili mtajua.

#10 KatibuWaMatuta

Bwana Shamba, nimeng'oa bamia leo asubuhi. Vinundu vipo. Si vingi, lakini vipo.

Nimekaa pale kwenye tuta kama dakika kumi bila kusema kitu. Asante.

#11 ShoshWaSukuma

Salamu kutoka Nairobi. Poleni sana, hii story naijua.

Kwanza, kwa ajili ya Wakenya wanaosoma: kwetu Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema kama umekodi shamba na hamkuandika muda wala notisi, upangaji wa ardhi ya kilimo unahesabika kuwa wa miezi sita sita. Kwa hivyo mwenye shamba hawezi amka Jumatatu akakwambia utoke Ijumaa. Nairobi pia tuko na sheria ya kaunti ya 2015 ya kuendeleza kilimo cha mjini. Kuwa na sheria si kuwa na shamba, hilo tunalijua, lakini ukienda ofisini angalau hawakucheki.

Sasa kuhusu udongo. Kibera, baada ya vurugu za 2008, watu wengi sana walifundishwa kupanda kwenye magunia. Unasimamisha gunia, katikati unapanga mawe kama bomba ili maji yashuke, pembeni unatoboa mashimo, unapanda sukuma kwa mashimo na juu. Gunia moja linalisha jikoni. Ukihamishwa, unabeba. Sio la kufanya biashara kubwa, nisikudanganye, maji linakunywa kama ngamia. Lakini kwa wale wenu ambao hawawezi kufika hiyo shule, liko mlangoni.

#12 Mswahili_Berlin

Niongeze ya huku. Nitaandika kirefu kidogo, mnisamehe, leo ni Jumapili na nje ni baridi.

Berlin, mtaa wa Kreuzberg, palikuwa na kiwanja kitupu pale Moritzplatz kilichokaa bila kazi tangu vita vya pili. Mali ya jiji. Mwaka 2009 watu wakakikodi, wakasafisha takataka (kama nyinyi), wakaanzisha bustani iitwayo Prinzessinnengarten. Walijua tangu siku ya kwanza kwamba mkataba wao ni mfupi na jiji linaweza kuuza. Kwa hiyo hawakupanda ardhini. Walipanda kwenye kreti za plastiki za mikate, kwenye magunia ya mchele, kwenye maboksi ya maziwa. Bustani nzima ilikuwa inanyanyulika. 2012 jiji likataka kuuza kweli, wakakusanya saini kwa maelfu na uuzaji ukasimama. Lakini hawakulewa ushindi. Waliendelea kutafuta pengine, na mwisho wa 2019 sehemu kubwa ya kazi yao ikahamia Neukölln, kwenye makaburi ya zamani ambayo kanisa lilikuwa halizikii tena kwa wingi.

Nilichojifunza: walianza kutafuta eneo la pili wakati la kwanza bado wanalo.

Halafu kuna jambo jingine la huku ambalo nawaonea wivu. Kuna bustani ndogo za kukodi, za familia, zenye sheria yake ya mwaka 1983. Bustani moja haizidi mita za mraba 400. Mwenye ardhi akikuondoa si kwa kosa lako, kuna fidia ya mimea na kibanda, na kusitishwa kwa mkataba kunaangukia tarehe 30 Novemba. Yaani umeshavuna. Hebu fikirini, mtu aliyeandika sheria alifikiria kabeji.

#13 MamaMatutaMawili

Ndugu wa Berlin nimekuelewa yote ila hapo kwenye makaburi umeniacha. Mchicha wa makaburini? Nani atanunua genge langu? Toba.

#14 Kauzibe

😂😂 Mama usimwambie mteja.

#15 MamaMatutaMawili

Kwa mtaa wetu huu? Atajua kabla sijafika nyumbani.

#16 Mbeba_Box_LA

Mimi niko Los Angeles. Wanaosema "pambaneni msitoke" wajue kilichotokea huku. Palikuwa na shamba la jamii la ekari 14, South Central, familia kama 350, wengi Walatino, wakilima mahindi, maboga, mitishamba yao ya kwao. Lilianza baada ya ghasia za 1992. Jiji lilikuwa limeitwaa ile ardhi miaka ya themanini likitaka kujenga tanuri la kuchoma taka, wakazi wakakataa, ndipo ikabaki wazi. Mwaka 2003 jiji likamrudishia kwa kumuuzia mwenye ardhi wa zamani. Wakulima wakaenda mahakamani, wakapanda juu ya miti, wasanii wakubwa wakaja kulala pale, dunia nzima ikaona. Tarehe 13 Juni 2006 polisi na matingatinga. Na kiwanja chenyewe kikakaa kitupu miaka na miaka baada ya hapo, mimi nimepita, nimeona uzio na nyasi kavu.

Baadhi yao wakapata shamba mbali, upande wa Bakersfield, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari, wakawa wanaleta mboga kuuza mjini. Ni C hiyo. Ilifanya kazi kwa wenye gari na nguvu. Bibi aliyekuwa anatembea kwa miguu kwenda kwenye tuta lake hakwenda Bakersfield.

#17 KatibuWaMatuta

Umenigusa pabaya. Tunaye huyo bibi. Ana miaka 71, nyumba yake imepakana na shamba, ana matuta manne ya matembele na ndiye aliyetufundisha nusu ya tunayoyajua. Kwenye kikao hakusema neno. Alipotoka tu akamwambia mwenyekiti, "nyie nendeni, mimi nitabaki kuangalia wakijenga."

Shule ni kilomita tatu. Hapandi bodaboda, aliapa baada ya ajali ya 2014.

#18 Ticha_Kata

Naona B imebaki peke yake, na mimi ni mwalimu, kwa hiyo nisikilizeni kabla hamjashangilia.

Mwalimu mkuu anawataka, bila shaka. Ada ya shule ya msingi ilishafutwa, lakini chakula cha mchana ni michango ya wazazi, na michango ya wazazi mnaijua. Kikundi kikija na mboga za kuweka kwenye maharage ya watoto, mwalimu mkuu anaona muujiza. Tatizo ni kwamba mwalimu mkuu si mwenye ardhi. Anahamishwa kwa barua ya ukurasa mmoja, na anayekuja anaweza kutaka kiwanja cha netiboli.

Kwa hiyo msikubaliane na mtu, kubalianeni na taasisi. Ombi lipite kamati ya shule, uandikwe muhtasari, wajumbe wasaini. Likipita hapo liende kwa mkurugenzi wa manispaa kupitia mtendaji wa kata. Nyinyi nanyi mkasajiliwe kwa afisa maendeleo ya jamii kama hamjasajiliwa, mkataba uandikwe kwa jina la kikundi, si la katibu mwenye simu kubwa. Muda uandikwe kwa tarakimu: miaka mitano, na notisi miezi sita.

Na swali ambalo wengi husahau: MADARASA MAPYA YATAJENGWA WAPI? Kila shule ya Dar inajaa. Zikija pesa za madarasa, zinakuja kwa kasi, na ile ekari ya nyasi ndiyo itakayotazamwa kwanza. Ombeni mwalimu mkuu na mhandisi wa manispaa wawaonyeshe upande wa upanuzi. Mkae upande mwingine hata kama una mawe.

Mwisho, dawa. Watoto watapita hapo kila siku na mikono yao midomoni. Kama mlikuwa mnapuliza sumu za madukani, mjipange upya.

#19 MjombaWaTanga

Mimi nataka kuuliza jambo la kijinga. Kwa nini mnunuzi mwenyewe msimwombe? Kanunua kiwanja, hajengi kesho. Kiwanja kitupu Dar kinageuka jalala ndani ya mwezi mmoja, au kinavamiwa. Nyinyi mkiwepo mnamlindia.

#20 WakiliWaUswazi

Si swali la kijinga, Mjomba. Ndilo la kwenda nalo kwenye usuluhishi. Ila liandikwe: "tunakaa kama walinzi-wapangaji hadi tarehe fulani, baada ya hapo tunatoka bila kudai." Mnunuzi akiona neno "bila kudai" ndipo anakunjua ngumi yake.

#21 KatibuWaMatuta

Wakuu, nilinyamaza wiki tatu, haikuwa dharau. Nimekuja na mrejesho.

Barua tuliyopewa ilisainiwa na mtoto wa kwanza. Tulipoomba barua ya usimamizi wa mirathi akaanza kukohoa. Ilikuwepo, lakini ni kwa jina la dada yake, ambaye yuko Mwanza na hakuwa ameambiwa bei kamili. Sisi hatukutaka kuingia kwenye ya familia, ila ghafla kila mtu akawa anatuita "wazee wangu". Kwenye Baraza la Kata mnunuzi alikuja mwenyewe. Kijana mpole tu, kumbe hata hakujua kuna watu 23, aliambiwa "kuna mama mmoja anapanda mchicha". Tumekubaliana miezi mitano, bila kodi, tumlindie kiwanja, tutoke bila kudai. Kisima anabaki nacho. Hapo mwenyekiti wetu alitaka kubisha, nikamkanyaga mguu.

Shule: kamati imepitisha. Upande wa madarasa mapya tumeonyeshwa, ni ule ule tuliokuwa tunautaka, wenye udongo mzuri. Ticha_Kata Mungu akuzidishie. Tumechagua upande wa ukuta, mawe mengi na muembe mmoja unaokula jua. Maji: maharage ya kopo la kisima cha shule yamesimama sawa na ya mvua, tofauti siioni. Barua ya mkurugenzi bado, tunafuatilia, leo ni mara ya nne, na mara zote nne nimeambiwa "aliyeshika faili katoka".

Kati ya 23, wanaohama ni 17. Wawili wamekwenda kuuza genge, mmoja karudi kwao Lushoto. Watatu hawajasema.

#22 ShoshWaSukuma

Na bibi?

#23 KatibuWaMatuta

Bibi ni mmoja wa hao watatu. Nilimpelekea magunia matano jana na vijana wawili, tukampangia mawe katikati kama ulivyoelekeza. Akatuangalia mpaka tukamaliza. Akasema mchicha ukikua humo utakuwa kama mgonjwa wa dripu. Halafu akalivunja la kwanza, akalipanga upya mwenyewe, mashimo chini zaidi, anasema tulitoboa juu mno.

#24 BwanaShambaMstaafu

Yuko sahihi kuhusu mashimo.

#25 Chini_ya_Nyaya

Mkuu, hiyo barua ya mkurugenzi msihame kabla haijatoka. Nakuomba. Hata mkiwa mmeshaita lori.

#26 KatibuWaMatuta

Hatuhami. Kwa sasa tunapeleka mboji tu na kupanda kunde kwenye matuta sita ya majaribio, hayo kamati imeruhusu kwa maandishi. Majembe tunayaosha, Bwana Shamba, kuna ndoo ya maji na omo getini, na mwenyekiti ndiye wa kwanza kusahau.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tunabeba rundo la kwanza. Mwenye guta upande wa Kinondoni anitumie ujumbe wa faragha, mafuta juu yetu na chai ipo.

#27 MamaMatutaMawili

Guta sina. Hizo kunde zikitoa majani niwekee mawili, nakata mwenyewe.